Watoto na parsele wakati kesi inaendelea

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1/8/1987 ilimtaka bibi aombe ruhusa ya bwana mbele ya kujifunga kwa mkataba wa kazi. Ruhusa hiyo iliondolewa tarehe 15/7/2016. Lakini wengi wetu tuliotoka kambi za Tanzania, kama Lugufu, tulirudi na desturi ileile: wakiachana, bwana anauza parsele, na watoto wanagawanywa juji hajasema neno. Kesi ni ndefu, na mtoto hangojei hukumu ili ale. Sheria inaruhusu juji aamue kwa muda: watoto wakae na nani, nani abaki nyumbani, chakula kitoke wapi. Tuombe hayo siku ya kwanza, parsele ingali yetu.