Kigae chenye Tundu: Wasokota Pamba wa Kilwa

Wageni wanaovuka maji kwenda Kilwa Kisiwani hupelekwa Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kisha Msikiti Mkuu na kuba zake. Vigae huonyeshwa wachache. Neville Chittick, aliyeuchimba mji huo katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alifukua sarafu za shaba na vyombo vya Kichina, na pamoja navyo vipande vya udongo vya mviringo, vyenye tundu katikati. Havina nakshi wala mng'aro, lakini ndivyo vilivyosokota uzi wa Kilwa, na vinastahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko vinavyotazamwa.

Chungu kilipovunjika, kigae kilichofaa kiliokotwa, kikachongwa pembeni mpaka kikawa duara, kikasuguliwa, kisha kikatobolewa. Kutoboa kulitaka subira: ukianza upande mmoja, ukageuza na kumalizia wa pili, tundu hutoka pana juu na chini, jembamba katikati. Kijiti kilipenyezwa humo kikakazwa. Msokotaji alishikiza pamba iliyochambuliwa kwenye ncha, akakizungusha kijiti kwa vidole, nacho kikaendelea kuzunguka chenyewe huku mikono ikivuta pamba taratibu na kuiacha ijisokote. Uzi ulipokuwa mrefu, uliviringwa kwenye kijiti, kazi ikaanza upya. Nguo moja ilidai uzi wa maelfu ya mizunguko kama hiyo.

Kwa nini kigae? Kijiti kitupu ukikizungusha husimama karibu papo hapo. Kitu kinachokwenda mstari mnyoofu huwa kigumu kuanza na kigumu kusimama kwa kadiri ya tungamo lake. Kinachozunguka kina hesabu nyingine: tungamo huzidishwa kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili, hivyo gramu iliyosogezwa mbali mara mbili huhesabika mara nne. Wanafizikia hukiita kipimo hicho momenti ya inesha. Chukua kijiti cha gramu 8 chenye unene wa milimita 6. Momenti yake haifiki hata nusu, ikipimwa kwa gramu na sentimita mraba. Kivishe kigae cha gramu 15 chenye kipenyo cha sentimita 4, kipimo kinaruka hadi 30. Uzito umeongezeka karibu mara tatu tu. Ukaidi wa kuzunguka umeongezeka zaidi ya mara 80.

Hapo ndipo macho ya fundi yalipohitajika. Gramu hizo hizo 15 zikikatwa kwenye chungu kinene, kigae kikabaki na kipenyo cha sentimita 3, kipimo kinashuka hadi 17 hivi. Kigae cha namna hiyo hupokea msukumo wa vidole upesi, huzunguka kwa kasi, kisha huchoka mapema. Kipana huanza polepole na kudumu. Pamba nayo ina masharti yake: nyuzi zake ni fupi, hutaka msokoto mwingi ili zishikane, na uzi mwembamba ukining'inizwa kitu kizito hukatika. Kigae cha pamba hakina budi kuwa chepesi, na wepesi huo utumike vizuri. Tundu nalo likienda kando kidogo, kijiti huyumba, mtetemo hupanda hadi kwenye uzi, na uzi hukatika mkononi.

Ulaya hesabu hii iliandikwa baadaye sana. Christiaan Huygens wa Uholanzi aliifikia mwaka 1673 katika kitabu chake cha saa za pendula, na Leonhard Euler akaipa jina na nadharia kamili mwaka 1765. Vigae vya Kilwa vimeitangulia kazi ya Huygens kwa karne kadhaa. Waliovichonga hawakuacha mlinganyo wowote. Waliacha uamuzi wao katika udongo, na uamuzi huo mtu anaweza kuuweka kwenye mizani leo.

Nguo za pwani zilikwenda mbali. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza Waislamu wa Sofala waliofuma pamba yao nyeupe. Kwa kuwa hawakujua kuitia rangi, walifumua nguo za rangi kutoka Cambay, India, na kuuchanganya uzi wake na uzi wao. Bara nako, Mapungubwe na Great Zimbabwe, kulikotoka dhahabu iliyoinenepesha Kilwa, wachimbaji wamekuta vigae vya aina ile ile, vya vyungu vya huko huko. Dhahabu iliteremka pwani, na ufundi wa kusokota unaelekea ulipanda kwa njia hizo hizo.

Kilichouvunja ufundi huo ni merikani, nguo ya pamba kutoka Marekani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, na Marekani, mabaharia wa bandari ya Salem walishusha Zanzibar shehena za nguo nzito za viwanda vya Massachusetts, ambako mashine moja ilizungusha vijiti vingi kwa mara moja bila kidole cha mtu. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo, nafasi haikurudi kwa wasokotaji wa pwani; baadaye viwanda vya Bombay viliichukua kwa kuiga nguo ile ile. Bara ufundi ulikawia zaidi: Richard Burton aliwakuta wafumaji Unyamwezi mwaka 1857, na Ufipa waliendelea kufuma pamba yao hata merikani ilipokuwa imejaa sokoni. Mogadishu vitanda vya kufumia havikuachwa, ila uzi uliotandwa juu yake ukawa wa kununua, umeshasokotwa ng'ambo.