Kasri la Grogan, kwa Macho ya Makwasinyi

Mtu wa Makwasinyi, kijiji cha Mlima Kasigau, anayetaka kuliona kasri la Grogan aamke mapema. Atashuka na vumbi la murram hadi Maungu, ashike barabara kuu hadi Voi, kisha aelekee magharibi: Mwatate, Bura, Maktau, halafu nyika ya Tsavo Magharibi. Akikaribia Taveta ataliona juu ya kilima, jumba jeupe linalotazama Ziwa Jipe chini yake, milima ya Upare ng'ambo ya mpaka, na Kilimanjaro siku mawingu yakikubali.

Ewart Grogan alilijenga miaka ya 1930. Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa 1874, na jina lake lilivuma kwa sababu ya mapenzi: ili akubaliwe kumwoa Gertrude Watt, alifunga safari ya kuivuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo, akaikamilisha mwaka 1900. Hadithi hiyo watalii huipenda sana. Ile ya Machi 1907 husimuliwa kwa nadra: Grogan, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu waliokuwa wavuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa mwezi mmoja. Adhabu hiyo haikumpunguzia kitu. Alizidi kutajirika, akajenga hoteli ya Torr's jijini, na huku Taveta akamiliki maelfu ya ekari za ardhi, akapanda mkonge.

Kabla ya mkonge ilikuwa vita. Agosti 1914 Wajerumani waliivuka mipaka wakaitwaa Taveta, na kutoka huko wakawa wanatuma vikosi kulipua reli ya Uganda. Mlima Kasigau, uliosimama peke yake katikati ya nyika, ulifaa mno kwa kuichungulia reli hiyo. Kwa hiyo Waingereza waliweka kituo hapo. Wajerumani walipokishambulia mwaka 1915, lawama ziliwaangukia wenyeji: walidaiwa kuwaonyesha adui njia. Hawakupewa nafasi ya kujitetea. Watu wa Kasigau waliondolewa mlimani wote, wazee kwa watoto, wakapelekwa Malindi.

Malindi ni pwani, joto na mbu. Watu waliozoea maji ya mlimani na hewa yake walikufa wengi huko, kwa homa na kwa njaa. Waliosalia walirudishwa baadaye upande wa Mwatate, karibu na kwao lakini si kwao. Mlima waliuona kwa mbali. Wengi wao hawakuruhusiwa kurudi Kasigau hadi miaka ya 1930.

Yaani miaka ileile. Grogan akipandisha mawe na saruji kilimani Taveta, Wakasigau walikuwa wakifyeka upya mashamba yaliyokuwa yamegeuka vichaka. Serikali ilikuwa moja. Sidhani mmoja alijua habari za mwenzake, ingawa Grogan mwenyewe aliitumikia Uingereza katika vita hiyohiyo iliyowafukuza.

Gertrude alifariki 1943, na mumewe akamkumbuka kwa kutoa eneo la hospitali ya watoto jijini Nairobi, ambayo hadi leo ina jina lake. Grogan alifia Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92. Kasri likaachiwa popo na mvua kwa miaka mingi, rangi ikabanduka. Siku hizi limekarabatiwa na hupokea wageni. Ziwa nalo limezidi kumezwa na matete. Wavuvi wa Jipe hulazimika kuyapasua kwa mitumbwi ili wafike kwenye maji.

Makwasinyi hakuna gofu la kuonyesha. Nyumba zilizoachwa 1915 zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na mchwa walishazimaliza. Habari zake wanazo watoto na wajukuu wa waliorudi, ambao wenyewe sasa ni wazee. Ukiwa na nia ya kwenda kasrini, pitia kwao kwanza.