Kusuka Upya si Kung'arisha

Katika mabanda ya gemu ya Kitengela, kijana akishika pedi huuliza kwanza: "Hii ni ile ya kitambo ama ni mpya?" Jibu linaweza kuwa, "Ni mpya, lakini ni ile ile." Wawili hao wataelewana na kuanza kucheza. Kiswahili chetu cha maandishi ndicho kilichobaki nyuma, kikisema "toleo jipya" kwa kazi tatu zisizofanana hata kidogo.

Tuanze na ile nzito. Gemu ya kutisha ya Resident Evil 2 ilitoka mwaka 1998, kamera zikiwa zimekazwa mahali pamoja na mchezaji akimtazama mhusika wake kwa mbali. Mwaka 2019 kampuni ya Capcom ikairudisha. Kituo cha polisi ni kile kile na hofu ni ile ile, ila kamera sasa iko begani mwa mhusika, na kila ukuta umejengwa kuanzia msingi. Hiyo ndiyo rimeki, na mimi ningeiita kusuka upya. Waandishi wa kandanda walishatutangulia: kocha akibadilisha nusu ya wachezaji, huandika kwamba amekisuka upya kikosi. Jina la klabu linabaki, na jezi inabaki. Huwezi kusuka upya bila kwanza kufumua, na neno lenyewe linakukumbusha hivyo. Neno jingine linalotumika, "kuboresha", halikumbushi chochote. Linaahidi uzuri bila kutaja kazi iliyofanyika, ndiyo maana wauzaji wanalipenda.

Rimasta ni kazi nyingine. Mifupa haiguswi, picha na sauti ndizo zinazosafishwa. Huko ni kung'arisha, na kung'arisha kuna hatari zake. Novemba 2021 Rockstar Games walitoa Grand Theft Auto: The Trilogy – The Definitive Edition, gemu tatu za miaka ya 2001, 2002 na 2004, ikiwemo San Andreas ambayo vijana wengi wa Kenya wamekua nayo. Mvua ikawa nzito mno hadi njia haionekani. Mabango ya mjini yakajaa makosa ya tahajia. Bango la duka moja la donati, lililokuwa na umbo la nati yenye pembe, lililainishwa mpaka nati ikawa duara. Fundi yeyote wa gereji za barabara ya Namanga angeuliza spana itashika wapi. Kampuni iliomba radhi mwezi huo huo, na matoleo ya zamani yaliyokuwa yameondolewa sokoni yakarudishwa kwa wachezaji wa kompyuta.

Gemu ile ile ikipelekwa kwenye simu au mashine nyingine, tuseme imehamishwa. Hapo hapana ubishi.

Ubishi uko kwenye kupiga debe. Mpigadebe wa stendi ya Kitengela akiita "Kajiado! Kajiado!" na gari likaishia Isinya, abiria watamshukia. Mwaka 2020 Square Enix walitoa Final Fantasy VII Remake, kazi iliyosukwa kwa ustadi mkubwa. Lakini ilisimulia sehemu ya mji wa Midgar tu, kipande cha mwanzo cha gemu ya mwaka 1997. Kampuni ilishatangaza mapema kwamba itakuja kwa vipande, ila jina la gemu halikutaja "sehemu ya kwanza". Sehemu ya pili ilifika mwaka 2024. Mnunuzi aliyesoma jina pekee alikuwa na haki ya kulalamika.

Sisi nasi tuna gemu zinazoelekea uzee: The Adventures of Nyangi ya Wesley Kirinya, ya mwaka 2007, na Nairobi X ya Andrew Kaggia, ya mwaka 2015. Siku mojawapo itakaporudishwa, ombi langu kwa watengenezaji ni hili: waandike kwenye jalada, kwa Kiswahili, iwapo imesukwa upya, imeng'arishwa au imehamishwa, na iwapo ni nzima au ni kipande.