Uchaguzi wa 2020 na hesabu iliyokatika

Ukimuuliza mtu wa Mtinko kama uchaguzi wa 2020 ulisambaza korona, atakujibu kwa anachokumbuka tu, maana kwenye karatasi hakuna kitu. Takwimu za nchi nzima ziliishia hapa: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo, kimya. Juni Rais Magufuli akatangaza kwamba maombi yameuondoa ugonjwa, na mwishoni mwa Agosti kampeni zikaanza.

Haki itendeke: mikutano ni ya viwanjani, na upepo wa Singida mnaujua. Virusi hivi hupenda zaidi ndani, penye hewa iliyotuama. Lakini watu hufikaje mkutanoni? Wamebanana kwenye magari, wanaimba njia nzima.

Oktoba 28 kura zikapigwa. Magufuli akatangaziwa kura 12,516,252, dhidi ya 1,933,271 za Tundu Lissu, mwana wa Singida huyo huyo. Upinzani uliyakataa matokeo, sawa, ila itazame hiyo 2 ya mwisho. Kura zilitangazwa mpaka moja moja, wagonjwa wakabaki 509 mpaka katikati ya 2021.

Maalim Seif, aliyegombea Zanzibar, alifariki Februari 17, 2021, wiki chache baada ya chama chake kusema ana korona. Wengine huufunga msiba ule na kampeni. Mimi siwezi: ni zaidi ya miezi mitatu, na kirusi huonesha dalili ndani ya wiki mbili. Aliyeugua Novemba ndiye angetujibu, naye hakuhesabiwa.