Nyumba ya Nani? Mabadiliko ya Imani ya Kikristo na Mtazamo wa Jamii kuhusu Kanisa katika Mwambao wa Kusini wa Ziwa Victoria, 1877–1992

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna watu wa Mwanza na mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria walivyolitazama Kanisa la Kikristo, tangu kufika kwa wamisionari wa kwanza mwaka 1877 hadi makubaliano ya Serikali na makanisa ya mwaka 1992. Inapinga maelezo ya siku nyingi kwamba Wasukuma walikuwa watu wagumu wa kupokea dini. Hoja kuu ni kwamba jamii ililipima Kanisa kwa swali la umiliki, yaani nyumba hii ni ya nani, na ni nani mwenye sauti ndani yake. Imani ilipanuka kwa kadiri jibu la swali hilo lilivyobadilika. Nafasi ya Wamarekani inapewa uzito wa pekee, kwa kuwa walifika kama walimu wa Kanisa na baadaye wakawa wasikilizaji wa hukumu iliyotoka ziwani.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya Ukristo Afrika Mashariki, pande mbili za Ziwa Victoria husimuliwa kwa namna mbili. Upande wa kaskazini, Buganda, vijana wa ikulu ya Kabaka waliipokea dini mpya katika muda wa miaka michache, wakaitwa wasomaji, wakauawa kwa ajili yake kati ya mwaka 1885 na 1887, na hatimaye waliosalia wakashika madaraka ya nchi. Upande wa kusini wamisionari walifika mapema vilevile, lakini mavuno yao yalikuwa haba kwa miongo mingi. Kutokana na tofauti hiyo lilizuka lalamiko linalojirudia katika maandishi ya kimisionari, kwamba Wasukuma wameridhika na mila zao na hawasikii. Ralph Tanner, katika utafiti wake kuhusu Usukuma uliochapishwa mwaka 1967, aliieleza hali hiyo kuwa ni ya mpito. Neno hilo lina busara kuliko ugumu. Hata hivyo, mpito huonyesha tu kwamba watu wako njiani. Haueleze ni kipimo gani walichokitumia katika kuamua kusimama au kuendelea. Insha hii inakitafuta kipimo hicho kwa kuyasoma upya matukio yanayofahamika.

2.0 Kituo cha Njiani, 1877–1909

Kundi la kwanza la wamisionari wa Kianglikana lilifika Kageye, mashariki ya Mwanza ya leo, mwaka 1877. Safari yao ilikuwa ya kwenda Buganda. Dk. John Smith alifariki hapo Kageye mwaka huohuo, na mwezi Desemba Luteni Shergold Smith na T. O'Neill waliuawa Ukerewe baada ya kujikuta katikati ya ugomvi wa Mtawala Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Mapadre wa Kikatoliki, Wamisionari wa Afrika waliojulikana kwa jina la White Fathers, walifika Kageye mwishoni mwa mwaka 1878. Nao walikuwa wakielekea Buganda.

Jambo hili ni la msingi. Kwa wamisionari wa mwanzo, mwambao wa kusini ulikuwa mahali pa kupumzikia, kutengenezea mashua na kukimbilia mambo yanapoharibika kwingine. Mapadre walipoondoka Buganda mwaka 1882 walijenga Bukumbi, kusini ya Mwanza, wakawa na watoto waliokombolewa utumwani. Alexander Mackay alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini ya ziwa, na huko akafariki mwaka 1890. Askofu Henry Parker alikuwa amekwisha kufariki huko mwaka 1888. Kisha likaja tukio lenye kejeli kubwa ya kihistoria. Kabaka Mwanga, ambaye amri zake ziliwaua wasomaji, alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia Magu, na kutoka hapo akapata hifadhi kwa mapadre wa Bukumbi.

Tukiyatazama matukio haya kwa jicho la mkulima wa Kisukuma wa wakati ule, misheni ilikuwa nini? Ilikuwa boma la wageni lenye Wazungu, wakimbizi wa Kiganda, watoto wasio na ukoo nchini, na mfalme wa watu wengine aliyenyang'anywa kiti. Hapakuwa na ukoo wa mwenyeji ambao ungeweza kuliita boma hilo la kwake. Zaidi ya hapo, mtemi wa Kisukuma hakuwa mtawala wa siasa tu. Mvua, mbegu na afya ya nchi vilikuwa mikononi mwake kwa njia ya matambiko. Kwa Kabaka, dini mpya ilikuwa suala la nguvu za ikulu na mashirikiano na mataifa. Kwa mtemi, kubatizwa kungeweza kuonekana kuwa ni kuitelekeza nchi bila mlinzi. Kusita kwake kulikuwa ni kutimiza wajibu wake kwa watu wake.

3.0 Wamarekani wa Nassa na Suala la Ngoma, 1909–1963

Mwaka 1909 Waanglikana walikabidhi kituo chao cha Nassa, karibu na Ghuba ya Speke, kwa Africa Inland Mission, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1895. Kwa mara ya kwanza Wasukuma walikutana na Ukristo wa Kimarekani wa aina mahususi: wa uamsho, wa Biblia, wa ushuhuda wa mtu binafsi na wa kujitenga na ulimwengu. Wamisionari hao walijifunza Kisukuma kwa bidii, wakafungua shule na huduma za tiba, hususan Kolandoto katika Shinyanga. Wakati huohuo walimtaka mwongofu aache pombe, ndoa za wake wengi, matambiko na ngoma.

Katazo la ngoma lilikuwa zito kuliko wamisionari walivyoweza kukisia. Katika Usukuma ngoma si burudani ya jioni. Vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo hushindana kila baada ya mavuno, vilikuwa pia vyama vya kulima pamoja, vya dawa na vya heshima. Kijana aliyeambiwa aache ngoma alikuwa anaambiwa aache kundi la kulimia shamba lake na watu wa kumzika. Waliokubali walifanya hivyo kwa imani ya kweli, na uaminifu wao uliheshimiwa. Lakini mbele ya majirani, kanisa lilizidi kuonekana kama kijiji cha pili ndani ya kijiji, chenye lango lake na masharti yake.

Upande wa Wakatoliki, njia nyingine ilijitokeza taratibu. Huko Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na mapadre hadi seminari ya Rubya, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mkristo huyu, aliyetiwa moyo na padre, alitumia elimu ya misheni kusimulia maisha ya Wakerewe kabla ya misheni, pamoja na mganga, pombe ya upatanisho na adabu ya ukwe, bila kuyalaani. Riwaya hiyo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1981, mwaka aliofariki mwandishi. Ni ushahidi kwamba muumini wa ziwani hakuona lazima ya kuchagua kati ya ubatizo wake na kumbukumbu za wazee wake.

Katika miaka ya 1950, Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha misheni ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza. Kanisa lake lilijengwa kwa umbo la mviringo, likapambwa kwa alama za utemi wa Kisukuma, na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikaunganishwa na mashindano ya ngoma yanayoitwa Bulabo. Bagika na Bagalu, waliokuwa kikwazo cha wokovu huko Nassa, waliingia uani kwa kanisa wakicheza. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa watemi, ngoma za kitemi zilizokuwa zimebaki bila mwenyewe zilipata mahali pa kuhifadhiwa katika makumbusho ya Bujora.

Inafaa kutahadhari hapa. Bujora ilibuniwa na padre mgeni, na ngoma iliyowekwa makumbusho si ngoma inayoita mvua. Mtu anaweza kudai kwamba Kanisa liliupokea utemi baada ya utemi kufa. Dai hilo lina ukweli. Lakini kwa mtazamo wa umma, Bujora ilijibu swali la umiliki kwa namna iliyoonekana kwa macho: mtu aliweza kuingia kanisani na kukuta kiti cha babu yake.

Wala si sahihi kusema kwamba njia ya Nassa ilishindwa. Kanisa lililozaliwa na misheni hiyo, Africa Inland Church Tanzania, lilipata uongozi wa wenyeji na kuweka makao yake makuu Mwanza. Kwaya zake, zikiwamo za Makongoro mjini Mwanza na za Shinyanga, zilikuja kusikika nchi nzima. Kile kilichokatazwa kilirejea katika sura nyingine: kundi la vijana, sare, mashindano, na wimbo unaomfundisha mkulima. Wakatoliki walipewa ngoma na padre wao. Waumini wa AIC walijitengenezea ya kwao. Njia zilitofautiana, lakini zilielekea kwenye nyumba yenye wenyewe.

4.0 Kutoka Nyegina hadi New York

Wamarekani wa pili walikuwa Wakatoliki. Mapadre wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946 na kurithi misheni ya Nyegina, ambako miaka mitatu kabla, mwaka 1943, kijana wa Kizanaki kutoka Butiama alikuwa amebatizwa kwa jina la Julius. Mwaka 1955, baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu, Julius Nyerere alirudi nyumbani na kuwafundisha mapadre hao Kizanaki. Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi ulikuwa umeanza kugeuka.

Uligeuka kwa ukamilifu mwezi Oktoba 1970. Akiwa Rais wa Tanzania, Nyerere alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia, kwa ufupi, kwamba Mungu aliyemuumba mtu kwa mfano wake hawezi kuwaziwa kuwa ni mnyonge, mjinga na mwenye hofu. Kwa hiyo Kanisa linalovumilia mifumo inayowafanya watu wawe hivyo linamkana Mungu wake. Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo hiyo, litahesabiwa kuwa upande wa wadhalimu, na imani itabaki ushirikina wa waoga. Alisisitiza pia kufanya kazi pamoja na watu badala ya kuwafanyia.

Hotuba hii husomwa zaidi kama sehemu ya fikra za Ujamaa. Insha hii inapendekeza isomwe pia kama sauti ya mwambao. Mwaka 1909 Wamarekani walikuja Nassa kueleza Kanisa ni nini. Miaka sitini na moja baadaye mtu aliyebatizwa ziwani alivuka bahari kuwaeleza Wamarekani Kanisa linatakiwa liwe nini. Na kipimo alichokitumia, cha kuwa pamoja na watu au kuwa juu yao, ni kilekile ambacho majirani wa Bukumbi na Nassa walikitumia kimyakimya.

5.0 Mtihani wa Bugando, 1969–1992

Kipimo hicho kilijaribiwa mara moja. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zilitwaliwa na Serikali. Mwaka 1971 Nyerere alifungua hospitali kubwa iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima cha Bugando, jijini Mwanza. Mwaka 1972 ikataifishwa. Kama watu walikuwa wakilifuata Kanisa kwa ajili ya darasa na dawa tu, huu ndio ulikuwa wakati wa kanisa kubaki tupu.

Halikubaki tupu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walitangaza mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ni kipaumbele cha uchungaji. Uzito wa Kanisa ukahamia kwenye nyumba za kawaida, ambako majirani walisoma Injili, walichangia wagonjwa na kuzika wafu wao. Kazi alizozifanya mwenzi wa ngoma, yaani kusaidiana katika shida na kuzikana, sasa zilifanywa na mwanajumuiya. Askofu Renatus Butibubage alikuwa amekwisha kushika jimbo la Mwanza tangu mwaka 1966. Jimbo la Geita lilizaliwa mwaka 1984, na Mwanza ikawa jimbo kuu mwaka 1987. Kanisa lilikua katika miaka ileile lilipopungukiwa mali.

Mwaka 1985 Serikali iliirejesha Bugando kwa maaskofu, ikiendelea kuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa yakaweka ushirikiano katika afya na elimu kwenye maandishi. Hapo pana fumbo linalohitaji utafiti zaidi. Taasisi zilipokuwa za wamisionari zilionekana za wageni. Zilipotaifishwa zikawa za wananchi. Ziliporudi, zilirudi kwa maaskofu waliokuwa wananchi. Je, mgonjwa asiye na fedha anayepanda kilima cha Bugando anaiona ni ya nani? Kanisa lenye taasisi kubwa liko katika hatari ya kurudi kuwa boma, safari hii likiwa na walinzi Waafrika.

6.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba historia ya imani katika mwambao wa kusini haielezeki kwa ugumu wa mioyo. Watu waliofikiwa na misheni iliyokuwa ikielekea kwingine waliichukulia kuwa ya wengine. Walioambiwa waache ngoma walihesabu gharama yake. Walipokuta kiti cha babu kanisani, walipoimba kwa sauti yao wenyewe, na walipokutana kwa jirani badala ya kwa padre, waliingia na kubaki. Mabadiliko ya mtazamo yalitangulia mabadiliko ya imani, au angalau yalikwenda nayo bega kwa bega.

Kwa watafiti, hii ina maana kwamba takwimu za ubatizo peke yake hazitoshi. Daftari la ubatizo linaeleza ni nani aliyeingia. Halielezi kama alipofika ndani alikaribishwa kama mgeni au kama mwenye nyumba. Tofauti hiyo ndiyo waliyokuwa wakiipima watu wa ziwani tangu Kageye, na hakuna dalili kwamba wameacha kuipima.