Biolojia ya uhifadhi kama somo tanzu: Funzo la hirola wa Garissa

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu huchagua somo kuu, ambalo ndilo msingi wa shahada yake. Baadhi ya vyuo humruhusu kuongeza somo tanzu, lenye vitengo vichache zaidi na linalosomwa sambamba na lile kuu. Miongoni mwa masomo tanzu hayo ni biolojia ya uhifadhi, taaluma inayochunguza kwa nini viumbe hupungua na jinsi ya kuwanusuru wasitoweke.

Wazazi wengi huuliza faida ya somo kama hilo kwa kijana anayesomea uanasheria, ualimu au utabibu wa mifugo. Katika Kaunti ya Garissa, jibu linapatikana katika kisa cha mnyama mmoja, hirola.

Taaluma changa

Biolojia ya uhifadhi ilianza kujitegemea kama taaluma mwishoni mwa karne ya 20. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wake iliundwa mwaka wa 1985. Mwaka huo huo, mwanabiolojia Mmarekani Michael Soulé aliieleza kuwa taaluma ya wakati wa dharura, ambapo mtaalamu hulazimika kuchukua hatua kabla ya kupata ushahidi wote anaouhitaji.

Vitengo vyake vya kawaida ni ekolojia, jenetikia, takwimu, na sheria na sera za mazingira. Kwa hivyo huungana kwa urahisi na masomo mengine.

Mnyama aliyebaki peke yake

Hirola ni swala wa rangi ya hudhurungi, mwenye pembe ndefu na alama nyeupe kati ya macho. Makao yake ya asili ni nyanda zilizo kati ya Mto Tana na Mto Juba, katika mpaka wa Kenya na Somalia. Katika miaka ya 1970 ilikadiriwa kuwa walikuwa zaidi ya 10,000. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500.

Wanasayansi humweka katika jenasi ya Beatragus, ambayo haina mwanachama mwingine aliye hai. Akitoweka, jenasi nzima itakuwa imetoweka.

Ugonjwa na malisho

Pigo kubwa lilikuja miaka ya 1980, ugonjwa wa sotoka ulipozuka. Sotoka ni maradhi ya ng'ombe, lakini huwashambulia pia wanyamapori wenye kwato. Ulimwengu ulitangazwa kuwa huru kutokana na ugonjwa huo mwaka wa 2011, kutokana na kampeni ndefu za kuchanja mifugo. Daktari wa mifugo anayefahamu uhifadhi anajua kwamba afya ya zizi na afya ya mbuga haziwezi kutenganishwa.

Hata baada ya sotoka kuisha, idadi ya hirola haikurejea kama awali. Abdullahi Hussein Ali, mwanabiolojia mzaliwa wa Garissa aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, alichunguza sababu zake. Utafiti wake na wenzake ulionyesha kwamba nyanda za nyasi zimegeuka kuwa vichaka. Ndovu, ambao huangusha miti, walimalizwa na majangili, na mifugo ikazidi katika malisho. Hirola hula nyasi, hivyo nafasi yake ikapungua.

Ali ndiye mwanzilishi wa Mpango wa Uhifadhi wa Hirola, ambao hupanda upya nyasi kwa kushirikiana na wafugaji. Mwaka wa 2020 alitunukiwa Tuzo ya Whitley ya Uingereza. Nyasi zinazomfaa hirola ndizo zinazomlisha ng'ombe, na hapo mwanafunzi wa kilimo au wa upimaji wa ardhi kwa picha za setilaiti hupata kazi ya kufanya.

Mahakamani na kijijini

Mwaka wa 1963 na tena mwaka wa 1996, baadhi ya hirola walihamishiwa Tsavo Mashariki. Uhamisho wa mara ya pili ulizua mgogoro. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu dhidi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), wakidai kuwa mnyama huyo ni sehemu ya urithi wao, na mahakama ikatoa amri ya kuzuia wanyama zaidi kuondolewa. Kesi hiyo bado ni rejeleo muhimu katika sheria ya mazingira nchini.

Baadaye jamii ilianzisha hifadhi yake ya Ishaqbini, iliyo karibu na Masalani. Mwaka wa 2012 hirola 48 waliwekwa humo ndani ya ua wa kuzuia wanyama wawindaji, na idadi yao ikaongezeka zaidi ya maradufu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 nayo ikatambua rasmi hifadhi za jamii.

Kabla ya kuchagua

Hali ya usalama mpakani imewazuia watafiti wengi wa kutoka mbali. Chuo Kikuu cha Garissa chenyewe kilishambuliwa na magaidi Aprili 2, 2015 na watu 148 wakauawa. Kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2017. Mzigo wa utafiti unawaangukia zaidi wenyeji wanaojua lugha, njia na desturi za mahali.

Mwanafunzi anayelitamani somo hili anashauriwa kuuliza mambo matatu mapema: iwapo chuo kinatambua somo tanzu katika matokeo yake rasmi, iwapo vitengo vyake vina mafunzo ya nyanjani, si ya darasani pekee, na iwapo kitengo cha takwimu kimo, kwa kuwa bila hesabu sahihi hakuna anayeweza kusema kama mnyama anapungua au anaongezeka.

Somo tanzu peke yake halimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa wanyamapori. Humwezesha wakili, mwalimu au daktari wa mifugo kuelewa lugha ya mtaalamu huyo. Historia ya hirola yaonyesha kwamba maamuzi mengi yaliyomgusa mnyama huyo yalifanywa na watu wa fani nyingine, kwenye zizi, mahakamani na katika mikutano ya wazee.