Ctrl-Z ilitoka Austria, na hatumtaji aliyeileta

Wasee, programu ikikwama mbele ya teminali tunabonyeza Ctrl-Z, inalala, tunaandika bg, maisha yanaendelea. Lakini ushawahi kujiuliza nani alileta hii kitu?

Zamani haikuwepo. Sheli ya Bourne, iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, ilikuruhusu kuanzisha kazi ya nyuma kwa alama ya &. Ukishaianzisha mbele, ni mawili: uingoje au uiue.

Sifa za sheli ya C humwendea Bill Joy wa Berkeley, na ni haki yake, aliiandika. Ila wazo la kusimamisha kazi na kuirudisha lilitengenezwa kwanza na Jim Kulp wa IIASA, huko Laxenburg, Austria. Taasisi hiyo ilianzishwa 1972 ili wanasayansi wa Mashariki na Magharibi washirikiane katikati ya Vita Baridi. Berkeley wakaisambaza kazi hiyo kupitia BSD, na mwaka 1988 ikaingia kwa viwango vya POSIX.

Teminali ni kama maiki ya harambee: kundi moja tu ndilo huishika. Ctrl-Z hutuma SIGTSTP kwa kundi lililo mbele pekee. Kazi ya nyuma ikijaribu kusoma kibodi, inapigwa SIGTTIN na kusimama. Ukiandika fg, sheli inaikabidhi maiki, kisha inaiamsha kwa SIGCONT.

Nilipoandika sheli yangu niliona hii ni rahisi. Wapi! Nilisimamisha kazi, sheli ikajaribu kuchukua teminali, nayo yenyewe ikalala. Kumbe ikishaikabidhi, sheli nayo iko nyuma, na kuidai teminali kutoka huko huleta SIGTTOU. Dawa ni sheli ipuuze ishara hiyo, na kila programu inayozaliwa irudishiwe tabia ya kawaida ya ishara kabla ya kuanza. Ukisahau hilo la pili, Ctrl-Z haitaigusa.

Usiku huo ndio nilimheshimu Kulp. Maoni yangu: tunapenda kumpa sifa mwenye jina kubwa, tunamsahau aliyetatua shida. Mwongozo wa csh haukumsahau. Fungua man csh, teremka hadi sehemu ya waandishi. Jina lake liko hapo, mstari mmoja tu.